Pipa la bourbon au pipa la ramu? Kuchagua bia kali ya kahawia ukiwa Moshi au Arusha

Kama una nafasi ya chupa moja tu na hujawahi kuonja bia kali ya kahawia iliyolazwa kwenye pipa lililotoka pombe kali, chukua iliyolala kwenye pipa la ramu. Kama kahawa yako huitii sukari na nyama unaipenda iliyoungua pembeni, chukua ya bourbon, ile wiski ya Marekani. Ya konyaki, pombe ya zabibu ya Ufaransa (si Konyagi), inamfaa anayechoshwa na vanila. Ya pipa la wiski ya moshi iache kwanza, hata ukipewa bure.

Sababu zinafuata, pamoja na namna ya kuziweka mbili mezani na kujihakikishia kwa ulimi wako.

Pipa lina kauli kuliko jina la chupa

Bia ya kahawia ya kawaida ni pole. Newcastle Brown Ale, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1927, ina kilevi asilimia 4.7; Safari ya kwenye kreti la grosari, yenye 5.5, inaipita. Tunayoizungumzia hapa ni ndugu yake mnene. Mpishi huanza na maji ya kimea mazito, uzito wake 1.090 pale maji matupu yanapopima 1.000. Kimea chenyewe ni mchanganyiko: kingi cha rangi nyepesi, kiasi cha karameli, na kidogo kilichokaangwa hadi rangi ya chokoleti. Hamira ikimaliza kula sukari inayoiweza, uzito hushuka hadi 1.020 au 1.025 na kilevi hufika karibu asilimia 9. Hapo ndipo bia huingizwa kwenye pipa la mwaloni lililotoka kumwagwa pombe kali. Mbao za pipa la lita 200 hubaki zimefyonza lita kadhaa za pombe hiyo, kwa hiyo bia hutoka na asilimia 10 au 11 bila mtu kuongeza tone.

Bia nyeusi pia hulazwa kwenye mapipa, na ndizo zilizopata sifa zaidi. Lakini nyeusi ina kimea kilichoungua sawasawa, na kuungua huko kunafunika makosa. Ni kama pilau: karafuu mbili zikizidi, nani atajua? Ya kahawia ni kama mtori. Chumvi ikizidi, meza nzima inatazamana. Pipa zuri utalisikia wazi, na pipa bovu utalisikia wazi vilevile. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji liwe kuhusu pipa: lilikuwa la pombe gani, na bia ilikaa humo muda gani.

Pipa la bourbon

Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani kwa moto. Kipya, maana yake kikishatumika hakirudi tena kwenye bourbon. Mapipa mengi hivyo huingia sokoni yakiwa yametumika mara moja tu, mbao zake bado zina nguvu, na mpishi wa bia anayapata yakiwa karibu na ubora wake.

Moto ule ndio mpishi wa kwanza wa ladha. Unavunja mbao kwa ndani: sehemu moja inatoa vanila, nyingine inatoa karameli, na juu kabisa linabaki tabaka la mkaa. Mwaloni mweupe wa Marekani una kingine tena, mafuta yenye harufu ya nazi, kwa wingi kuliko mwaloni wa Ulaya. Kwa hiyo ukiinusa bia hii, tafuta kashata ya nazi iliyoshika moto kidogo, vanila, karafuu kwa mbali, na baada ya kumeza kitu kama kijiti kilichoungua. Utamu uko mbele, ukavu wa mbao uko nyuma. Ukavu huo ndio faida yake kubwa mezani: unakata mafuta ya nyama, na glasi ya pili haichoshi.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza ni karameli juu ya karameli. Bia ya kahawia tayari inayo kutoka kwenye kimea, pipa linaongeza nyingine, na bia iliyoachwa na sukari nyingi inageuka sharubati ya kikohozi. Ya pili ni kukaa mno. Bia nyeusi hustahimili miezi minane hadi kumi na miwili kwenye pipa. Kwa ya kahawia, mitatu hadi sita mara nyingi inatosha. Kentucky Bourbon Barrel Ale ya Lexington, Marekani, bia ya asilimia 8.2, hukaa hadi wiki sita tu na harufu ya pipa haikosekani. Ikizidi mno kinakuja kinywani kitu kama vumbi la karakana ya seremala, na ulimi unakauka.

Kiwanda kidogo kikijisifu kwamba kinatumia pipa la lita 20, usidhani ni ufundi zaidi. Pipa dogo lina mbao nyingi kwa kila lita, zaidi kidogo ya mara mbili ya pipa la lita 200. Wiki tatu humo ni kama wiki sita na zaidi kwenye kubwa, na kulipitiliza ni rahisi sana.

Pipa la ramu

Ramu nyingi ya Karibi hulazwa kwenye mapipa yaliyotoka kwenye bourbon. Hesabu basi: bourbon kwanza, ramu pili, bia tatu. Vanila na nazi nyingi zilishanyonywa na waliotangulia. Kinachobaki kuizungumzia bia ni ramu yenyewe, yaani miwa.

Kwa mtu wa Moshi harufu hii haihitaji kamusi. Ni molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye juisi ya muwa, ambao wafugaji wanachanganya kwenye majani ya ng'ombe. Aliyewahi kupita karibu na kiwanda cha sukari cha TPC wakati miwa inasagwa ataitambua kabla glasi haijafika puani. Mengine ya kutafuta ni sukari guru, zabibu kavu, na ndizi kisukari iliyoiva hadi ganda likawa na madoa meusi. Hilo la ndizi si mawazo tu. Hamira ikifanya kazi hutengeneza kiungo kilekile kinachoipa ndizi mbivu harufu yake, na ramu za Jamaika hasa zinacho kwa wingi pamoja na harufu ya nanasi.

Ndiyo sababu tunaiweka mbele kwa anayeanza. Ulimi uliolelewa na mbege tayari unajua ndizi iliyochachuka, unajua nafaka iliyooteshwa, kwa maana ulezi wa mbege ni kimea tu, na unajua uchungu unaokuja nyuma, uwe wa hopi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, au wa gome la msesewa. Bia ya pipa la ramu inazungumza lugha hiyo kwa lafudhi nyingine.

Lakini ina udhaifu wake. Mbao zilizochoka hazitoi ukavu wa kutosha, hivyo utamu unakaa mdomoni bila kizuizi. Mililita 100 ni raha; mililita 330 peke yako ni kazi. Pia ramu nyepesi, zile za kuchanganywa na soda, huacha pipa ambalo halina la kusema: bia inatoka na joto la kilevi bila harufu ya maana. Lebo ikitaja ramu ya Jamaika au ikisema ramu nzito iliyokaa miaka kadhaa, matumaini yanaongezeka. Ikisema ramu basi, ni bahati nasibu.

Konyaki na wiski ya moshi, kwa kifupi

Tusichanganye. Konyagi ya kwenye chupa ni pombe nyeupe, isiyotokana na zabibu. Konyaki ni pombe ya zabibu ya eneo la Cognac, Ufaransa, inayokaa miaka isiyopungua miwili kwenye mwaloni, hasa wa misitu ya Limousin na Tronçais. Mwaloni huo una nazi kidogo na ukakasi mwingi. Bia yake inanukia tende, kungumanga na ganda la chungwa lililokauka. Ni nzuri, ila ni ya upole kiasi kwamba ukiiweka mezani baada ya bourbon hutaisikia kabisa.

Wiski ya Uskoti iliyokaushiwa kimea kwa moshi wa mboji huacha pipa linalonuka dawa ya hospitali na samaki wa kubanika. Kwenye bia nyeusi pengine. Kwenye ya kahawia moshi unatawala nyumba nzima, na karameli inageuka plastiki iliyoungua.

Jihadhari pia na mbao bila pombe. Palo Santo Marron ya Dogfish Head, Marekani, ni bia ya kahawia yenye asilimia 12 iliyolazwa kwenye tangi la mti wa palo santo kutoka Paraguai. Ni bia ya kuheshimiwa, lakini haijagusana na pipa la pombe kali. Ukiitumia kuhukumu bourbon na ramu utakuwa umepima mchele kwa debe la mahindi.

Maneno ya kutumia, kwa sababu "kali" haitoshi

Watu wakionja bia hii husema "kali" na kunyamaza. Neno hilo linabeba mambo manne tofauti, na kila moja lina maana yake kuhusu pipa.

Uchungu ni wa hopi na wa kimea kilichoungua. Unakaa nyuma ya ulimi kama msesewa, na ni halali. Ukakasi ni wa mbao. Ni ule mkazo wa ndizi mbichi au pera bichi, unaovuta mashavu na kuyafanya meno yaonekane yana vumbi. Kidogo kinapendeza kwenye bourbon. Kikitangulia utamu, bia ilikaa pipani kupita kiasi. Mkereketo ni wa kilevi kisichotulia, unakwangua koo. Bia iliyolala vizuri inapasha kifua bila kukwangua, hata ikiwa na asilimia 11. Ukikuta mkereketo kwenye bia changa, nyingine kama hiyo ukiitunza miezi sita mahali pa ubaridi hutulia.

Wa nne ni uchachu, na hapa mnywaji wa mbege anaweza kudanganyika. Kwenye mbege uchachu ni sehemu ya kinywaji, na ya jana huwa chachu kuliko ya leo bila mtu kulalamika. Kwenye bia kali ya kahawia ya pipa uchachu kwa kawaida ni ajali: bakteria wamekaa kwenye nyufa za mbao na bia imewalisha. Uchachu wa mtindi bila harufu mbaya unavumilika. Uchachu wa siki unamaanisha hewa iliingia pipani. Harufu ya tina ya kuchanganyia rangi, au ya dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ni dada wa siki. Hilo halitulii kwa kutunzwa. Siagi au bisi za sinema ni kosa la uchachushaji. Banda la mbuzi ni hamira ya mwituni, ambayo wengine wanaipenda, lakini hamira hiyo haishibi: itaendelea kula sukari chupani, gesi itapanda, na siku ya kufungua utafuta dari.

Boksi lililolowa mvua ni uzee wa hewa. Zabibu kavu na tende pia ni uzee, ila ule mwema. Bia hupita kwenye tende kabla ya kufika kwenye boksi, na joto ndilo linaloharakisha safari.

Kuziweka mbili mezani

Watu wanne, chupa mbili za mililita 330, inatosha. Kila mtu anapata takribani mililita 80 ya kila moja. Msione haya kwa udogo wa kipimo: chupa moja ya mililita 330 yenye asilimia 11 ina kilevi sawa na Safari ya mililita 500 moja na theluthi. Anayeendesha pikipiki aonje kwa kutema, au bajaji iitwe mapema.

Glasi ziwe za mvinyo, zenye tumbo pana na mdomo uliobana, zioshwe kwa sabuni kidogo na kusuuzwa mara mbili. Mafuta ya sahani yanaua povu, na sabuni yenye harufu ya limau inaua kila kitu. Bilauri ndefu ya juisi haikusanyi harufu. Kikombe cha bati sahau.

Baridi ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Bia hizi zinataka nyuzi 12 hadi 14. Zikitoka kwenye friji zikiwa na nyuzi 4, vanila na molasi zimelala na unachosikia ni uchungu na gesi tu. Mtu ataapa kwamba zote mbili ni sawa. Arusha jioni ya Julai, zitoe friji nusu saa kabla. Moshi mchana wa Februari dakika kumi na tano zinatosha, halafu kila duru imimineni kidogokidogo na kurudisha chupa kwenye deli lenye barafu, kwa sababu glasi ya mililita 80 kwenye joto lile hupita nyuzi 16 ndani ya takribani robo saa, na juu ya hapo kilevi kinaanza kupiga pua na kufunika mengine. Ukiwa Arusha tarajia pia povu kubwa zaidi kidogo: mji uko kwenye mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, gesi inatoka kwa haraka. Inamisha glasi, mimina polepole.

Ramu kwanza au bourbon kwanza? Ramu. Ukakasi wa bourbon unabaki mdomoni na utaifanya ramu ionekane maji ya sukari. Isipokuwa ramu ndiyo yenye kilevi kikubwa kwa zaidi ya asilimia 2, hapo geuza.

Nusa kabla ya kutikisa glasi, kisha itikise na kunusa tena, mdomo ukiwa wazi kidogo. Harufu ya kwanza ni ya pombe ya pipa, ya pili ni ya mbao na kimea. Kunywa kiasi cha kijiko cha chai, kiache kizunguke, meza, halafu toa pumzi kwa pua huku umefunga mdomo. Pumzi hiyo ndiyo yenye jibu: bourbon italeta nazi na mkaa, ramu italeta ndizi na sukari guru. Hesabu sekunde hadi ladha iondoke. Ikiondoka kabla ya tano, pipa lilikuwa limechoka. Kati ya glasi, maji na kipande cha mkate mkavu. Pilipili, limau, na sigara zije baadaye, na mwenye manukato mengi akae upande ule upepo unakoelekea.

Halafu rudini kwenye glasi zote mbili ubaridi wa friji ukiwa umepungua. Mara nyingi hapa ndipo kura zinapogeuka: ramu iliyoshinda mwanzoni inaanza kulemea, na bourbon iliyoonekana kavu inafunguka. Kwa hiyo swali la kununua si "ipi tamu", ni utakunywa kiasi gani na kwa chakula gani. Kugawana baada ya chakula, pamoja na ndizi za kukaanga au kashata ya karanga, ramu. Kukaa nayo saa nzima mbele ya mbuzi choma au machalari yenye nyama ya kutosha, bourbon.

Kama chupa hazipatikani

Na mara nyingi hazipatikani. Si vinywaji vya rafu za kawaida. Huingia kwa begi la msafiri anayeshukia uwanja wa ndege wa KIA. Kabla ya kumtuma mtu, jaribu pombe za mapipa hayo kwa gharama ndogo. Nunua Guinness moja, chupa ndogo ya bourbon, chupa ndogo ya ramu ya rangi ya kahawia, na bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa (bila sindano yenyewe). Mimina Guinness mililita 100 kwenye kila moja ya glasi mbili, iache gesi ipungue dakika kumi, kisha weka mililita 3 za bourbon kwenye moja na 3 za ramu kwenye nyingine. Kila glasi imepanda takribani asilimia 1 ya kilevi, ambayo ndiyo pipa lingeongeza. Usizidishe, mililita 10 ni kokteli, si jaribio.

Utasikia pombe, hutasikia muda: ukakasi wa mbao, zabibu kavu na utulivu havitoki kwenye bomba. Na Guinness, ikiwa nyeusi, itaficha kidogo. Hata hivyo kama glasi ya bourbon inakukera hapo, ya pipa itakukera zaidi.

Kumwagiza msafiri, na kutunza

Mwambie asome lebo yote. Maneno yanayosema bia ilikaa kwenye mapipa, kwa idadi ya miezi, ni ushahidi. Yanayosema ina ladha ya bourbon, au kwamba vipande vya mwaloni vilitumbukizwa, ni kitu kingine hata kama picha ya pipa ni kubwa. Aangalie na tarehe ya kufungwa. Chupa afunge kwa nguo, katikati ya begi la chini, ikiwa imesimama akiweza.

Ikifika, isimame wima gizani, isikae juu ya kabati la jikoni. Joto likipanda nyuzi 10, uzee unaenda karibu mara mbili, hivyo chumba cha Moshi chenye nyuzi 30 kinaizeesha bia kwa mwaka mmoja kama Arusha yenye 20 kwa miwili. Rafu ya chini ya friji ni salama kuliko vyote. Chupa ambayo hujui ilipitia wapi, ipoze hadi karibu na nyuzi sifuri kabla ya kufungua na weka beseni chini yake.

Iliyofunguliwa haingoji kesho kutwa. Ikibaki na kukosa gesi, ya ramu pashia moto mdogo na sukari guru uimwagie kwenye ndizi za kukaanga. Ya bourbon usijaribu kuichemsha hadi iwe nzito: maji yanakwenda, uchungu unabaki wote, na mchuzi unakuwa kama msesewa mtupu. Itumie kulowekea mbavu usiku mmoja, kisha imwage.